Mwaka Tuliocheza Kioda Kwenye Jumba Lililoinama

Shangazi Edita alizikwa kijijini Lundo siku ya manyunyu, na nilipofika msibani mtu wa kwanza niliyemwona alikuwa Otilia, amekaa mkekani katikati ya wanawake wa ngoma ya kioda, miguu ameinyoosha kwa sababu magoti yake hayakunjiki tena. Nilikuwa nimeshuka asubuhi kutoka Mbinga kwa barabara ya lami, safari ambayo zamani ilituchukua siku nzima tukiwa juu ya magunia ya mahindi, na siku hizi inaisha kabla chai ya kwenye chupa haijapoa. Niliwaamkia wakubwa, nikapewa nafasi kando ya Otilia, naye akanishika mkono. Baadaye, watu wakila wali na maharage, mjukuu mmoja wa marehemu alikuja na simu yake kutuonyesha picha aliyoikuta mtandaoni: jumba la chuma kando ya mto, limeinama kama mtu aliyeangusha kitu majini akawa anakitafuta. Akauliza kama ni kweli bibi yake aliwahi kucheza ngoma humo ndani, au ni maneno tu ya wazee. Otilia aliitazama ile picha kwa muda. "Mwulize huyu," akasema akinielekeza kwa kidevu. "Mimi sikucheza." Nikaanza kumsimulia yule binti, nikakatizwa na wimbo wa kwaya, nikaanza tena, nikakatizwa na watu wa kuaga. Tangu nirudi nyumbani sijatulia. Naamka, nachemsha maji, nayasahau jikoni, kwa sababu kichwani naendelea kusimulia. Afadhali niandike.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na pa kwenda. Kwetu Maguu wanunuzi wa kahawa wa watu binafsi walikuwa wameanza kupanda milimani na mizani zao, na wazee walikaa nje ya ghala la chama cha ushirika wakibishana kama mizani ya mtu binafsi ni ya kuaminiwa, huku vijana wao wakipitia nyuma na magunia kwenda kuuza. Kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni sasa ilipangwa barabarani ikitusubiri sisi. Watu walirudi kutoka Songea na redio za kaseti, na mimi nilisimama shambani na jembe, nikisikiliza malori yakinguruma kwenye kona, nikijiuliza kila moja linakwenda wapi. Mama alichoka kuniona nikisimama hivyo. Akanituma kwa shangazi yangu ziwani nikamsaidie kuvuna mpunga, akiamini kwamba joto la Nyasa litanituliza. Halikunituliza. Nilihesabiwa kuwa mtu wa milimani, nisiyejua kuogelea, ninayekula ugali wa muhogo kama mgonjwa anayekunywa dawa, na Kinyasa changu kilikuwa cha kuokoteza.

Nyumba ya shangazi ilikuwa na vyumba vitatu na kimoja kilikuwa cha magauni. Sisemi kwa utani. Shangazi alikuwa kwini, yaani malkia, wa kioda cha Lundo, na magauni meupe ya kikundi kizima yalining'inia humo kwenye kamba, yamefunikwa shuka zisipate vumbi, na chini yake viatu vyeupe vilipangwa kwa jozi kama watoto wa shule. Asiyejua kioda asidhani ni ngoma ya kurukaruka. Wanawake husimama kwa duara, wamenyooka, hatua ndogo, bega moja linasema na la pili linajibu, na gauni lisipopigwa pasi sawasawa ngoma nzima inaharibika. Jumamosi nzima shangazi alipiga pasi ya mkaa. Mimi nililala chumba hicho hicho, juu ya mkeka, na kila upepo wa ziwa ulipopita dirishani magauni yalitikisika juu yangu, nami nikaota nasafiri.

Otilia alikuwa rafiki yangu wa kwanza pale. Alikuwa mjane kijana mwenye watoto wawili, mkubwa kwangu kwa miaka michache, na sauti yake ndiyo iliyokuwa ikianzisha nyimbo. Wakati wenzake wakiuza usipa mkavu, dagaa wa ziwani, yeye alikuwa ameanza kuuza mitumba Mbamba Bay. Alinifundisha namna ya kufungua robota la nguo: huvuti ya juu, unaingiza mkono ubavuni kwanza upime uzito wa vitambaa. Baadhi ya wanawake walimsema chinichini kwamba anawavalisha watu nguo za marehemu wa Ulaya. Yeye alijibu kwamba marehemu hana baridi.

Habari ya safari ililetwa na mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa akichimba visima ufukoni. Dada yake alikuwa msimamizi wa maonyesho katika jumba la sanaa la kisasa kwao Uholanzi, jumba jipya, watu walitoka mbali kulitazama hata kabla hawajajua ndani kuna nini. Wangefungua maonyesho makubwa na alitaka ngoma kutoka kwetu. Shangazi aliuliza maswali mengi kuhusu sakafu. Ni ya udongo, ya saruji au ya mbao? Mhandisi hakujua. Wakahitaji mtu wa Kiingereza, na Kiingereza kwa wakati ule nyumbani mle kilikuwa mimi. Hivyo ndivyo mtu wa milimani, asiyejua hatua hata moja ya kioda, alivyoshonewa gauni jeupe na kupanda ndege.

Tulifika wakati wa baridi. Mto ulikuwa wa rangi ya sufuria, na pembeni yake lilisimama lile jumba, kama kusimama ndilo neno lake. Ukuta mmoja ulilala nje juu ya maji na mwingine ulilala ndani, na zote zilivikwa mabati madogo madogo yaliyopandana kama magamba ya samaki mbasa. Mama Felista, mkubwa kuliko wote katika kikundi, aliniambia nimwulize mwenyeji kama waliomo ndani wanajua kwamba nyumba inaanguka. Nilimwuliza. Yule dada wa mhandisi, ambaye jina lake halisi lilitushinda tukamwita Bi Hana, alicheka mpaka akatoa miwani, akasema kila mtu anayefika anawaza hivyo hivyo na mjenzi alikusudia. Mama Felista alitafakari. Akasema kwa Kinyasa, na shangazi akanitafsiria, kwamba kwao mtu akijenga hivyo kwa makusudi ndugu zake humpeleka hospitali.

Ndani hapakuwa na ngazi. Sakafu yenyewe ilipanda, ikazunguka, ikateremka, na ulijikuta uko juu bila kukumbuka kwamba ulipanda. Madirisha mengine yalikuwa usawa wa vifundo vya miguu, ukatazama mto kama unavyotazama chini ya kitanda. Sikuweza kukaa mahali pamoja. Nilikwenda mbele ya wenzangu, nikarudi, nikatangulia tena. Chumba kimoja kilikuwa kitupu kabisa ila mwanga uliobadilika polepole, na Otilia alisema huenda mwenye chumba bado hajahamia. Kingine kilikuwa na televisheni nyingi zote zikionyesha mwanamume amelala. Tulikaa tukamsubiri aamke. Hakuamka. Mchana walitupatia mkate na samaki asiyepikwa, wa chumvi, na wanawake waliokulia kwenye samaki walimtazama kwa huruma, wakala mkate. Jioni, kwenye hosteli, tulipika ugali wa unga tuliotoka nao Lundo na tukakaanga usipa, na wageni wa vyumba vingine wakafungua milango, wengine wakaifunga haraka.

Siku iliyofuata ndiyo yenyewe. Asubuhi Bi Hana alikuwa ametuona tunavyotetemeka ndani ya sweta zetu nyembamba, akasema atatutafutia nguo za joto. Maneno yale niliyatafsiri, na kila mtu akayaweka moyoni. Basi tulipopanda ule mteremko tukafika ukumbi wa juu, tukakuta lundo la nguo. Sijawahi kuona nguo nyingi namna ile mahali pamoja, wala Mbinga siku ya mnada. Makoti, suruali, magauni ya watoto, vimerundikwa mpaka karibu na paa, na mwanga wa dirishani ukishuka juu yake. Hapakuwa na kamba wala kibao tulichoweza kusoma. Shangazi alisema taratibu, "Huyu mama ni mwungwana kweli." Na tukaliendea.

Otilia alishika usukani bila kuombwa. Alivua viatu, akapanda kidogo ubavuni mwa lundo, akaanza kutoa na kugawa: hili la Mama Felista, lina mikono mirefu; hii ya mtoto wa fulani; hii hapana, imeoza kwapani. Makoti yalivaliwa, yakavuliwa, yakapokezanwa. Shangazi alipata koti la bluu la sufu lililomkaa kama aliyeshonewa, akageukageuka nalo, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani nikamwona amesahau kwamba yeye ni kwini. Mlinzi alitokea akikimbia, akipaza sauti katika lugha yake. Nyuma yake akaja Bi Hana, uso umemwisha damu. Kisha akasimama. Akatutazama, mkono mdomoni, na nikaona hofu inageuka kuwa kitu kingine. Akamwambia mlinzi anyamaze. Akatoa kamera.

Ni mimi niliyelazimika kueleza. Nguo zile hazikuwa zetu, wala za mtu yeyote. Zilikuwa kazi ya msanii, mwenyewe alizirundika kwa miezi ili watu wafikiri juu ya vitu wanavyovitupa. Nilisema kwa sauti ndogo, nikitumaini maneno yatapungua uzito. Wanawake walivua. Hakuna aliyecheka. Shangazi alilikunja lile koti la bluu, mikono ndani, kola juu, akaliweka chini ya lundo ambalo halikuwa na hata nguo moja iliyokunjwa, akalisawazisha kwa kiganja.

Kesho yake Bi Hana alituita ofisini kwake, chumba chembamba kama mtumbwi, chenye ukuta mmoja uliotuegemea vichwani. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kusimulia habari hii shuleni nilikofundisha, na wanafunzi humtaka awe mbaya. Alikuwa amelala kidogo na alizungumza kwa shauku. Alisema tulilolifanya jana ndilo jambo la kweli kuliko yote lililowahi kutokea katika jumba lile. Aliomba tulirudie usiku wa ufunguzi, mbele ya wageni, tukiwa na nguo zetu za kawaida, na ngoma ifuate siku nyingine. Kila mmoja angechukua atakachochagua. Na aliponitazama mimi alisema kwa upole kwamba jumba lake lina nafasi kwa vijana wa kujifunza kazi, kwamba alikuwa akiniwaza, na kwamba ninaweza kumsaidia kuwaelewesha wenzangu.

Nilikuwa nimeshalizunguka jumba lile nikijiona ndani yake, na koti, na funguo. Nikageuka nikatafsiri kila kitu, isipokuwa lile la mwisho lililonihusu mimi, ambalo nilimwambia shangazi baadaye tukiwa wawili.

"Anataka tufanye nini hasa?" shangazi aliuliza.

"Tuchague nguo tena. Kama jana."

"Kama jana, tukidhani ni zetu?"

Nilimwuliza Bi Hana. Akasema ndiyo, hasa hivyo, kama jana kabisa.

"Mwambie jana tulikuwa tumepotea," shangazi akasema. "Mtu akishaonyeshwa njia hawezi kupotea tena kwa ajili ya kutazamwa. Mwambie tulikuja na kioda."

Nilitafsiri. Bi Hana aliinamisha kichwa, akasema anaelewa, na nadhani alielewa nusu. Hapo ndipo Otilia alipozungumza. "Mimi nitachagua," akasema. Wote tukamgeukia. "Sitajifanya nimepotea. Nitachagua kama ninavyochagua Mbamba Bay. Ndiyo kazi yangu, na nguo zile ni nzuri kuliko zote nilizowahi kufungua." Shangazi alimwuliza kuhusu ngoma, nani ataanzisha nyimbo. Bi Hana, alipotafsiriwa, alifurahi kupata angalau kimoja, akasema basi vyote viwili vifanyike usiku ule ule, ngoma chini na nguo juu, wageni wapite huku na huku. Otilia akasema hawezi kuwa pote.

Jioni ile niliosha vyombo hosteli na wao wawili walibaki jikoni, wakizungumza Kinyasa kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimeanza kukielewa zaidi ya walivyodhani. Otilia alikuwa akimwuliza shangazi hivi hiki kioda chenyewe tuliiga kwa nani. Magauni meupe, viatu, ukwini, si tuliviona kwa wazungu wa misheni na wa serikali? Kwa nini kuvaa cha mzungu katika ngoma iwe heshima, na kukichagua kwenye lundo iwe aibu? Nilisikia sufuria ikikwanguliwa. "Tuliiga," shangazi akasema. "Lakini tulichagua wenyewe cha kuiga, nyumbani kwetu, jioni, wakati hakuna aliyekuwa akitutazama. Hakuna aliyetuambia, igeni nione." Otilia akasema ana watoto wawili na mwezi wa sita huko milimani wateja wake wanahitaji makoti. Shangazi akasema anajua. Ndivyo walivyoachana, kila mmoja akijua. Nimesikia mabishano mengi tangu hapo, bungeni kwenye redio, kanisani, kwenye vikao vya walimu, na mara chache nimesikia watu wawili wakiwa na haki kwa pamoja namna ile.

Usiku wa ufunguzi nilivaa gauni langu jeupe na nikasimama na kikundi. Shangazi alinitazama toka kilemba hadi viatu, akanivuta pembeni. "Nenda juu kwa mwenzako," akasema. "Hajui Kiingereza. Hatuwezi kumwacha peke yake na wageni." Sikutarajia. Nilipanda ule mteremko na gauni la kioda, peke yangu, huku wageni wenye nguo nyeusi wakinipisha.

Otilia alikuwa amefunga kanga kiunoni juu ya sketi yake, mikono ya sweta ameikunja. Wageni walisimama mbali kwanza, kama watu wanaotazama ndege wasije wakamtisha. Yeye alifanya kazi. Aliingiza mkono ubavuni mwa lundo, akapima, akavuta, akanyanyua nguo kwenye mwanga, akaangalia kwapa, zipu, mishono, akaweka kulia au kushoto. Bwana mmoja aliniomba nimwulize kama jambo hili linamhuzunisha. Nilimwuliza. Otilia, bila kuacha kazi, akasema nimwulize kama yeye akienda dukani huwa anahuzunika. Nilitafsiri na watu wakacheka, na kicheko kile kiliwasogeza. Bibi mmoja mzee, mwembamba, alikuja karibu kabisa, akagusa koti moja. Otilia alimtazama mabega. Alimtoa lile koti mkononi akatikisa kichwa, akazama kwenye lundo mpaka kiunoni, akatoka na jingine la kijivu, akamvisha yeye mwenyewe, akamfunga vifungo, akamgeuza. Lilimkaa. Yule bibi alijitazama kwenye kioo cha dirisha na mto nyuma yake, akasema neno moja ambalo sikulijua, na machozi yakamlenga.

Baada ya hapo hapakuwa tena na maonyesho. Palikuwa na soko. Walipanga mstari, watu wazima wenye glasi mikononi, na Otilia aliwapima kwa macho, akawavisha, akawakatalia. "Mwambie hii inambana, aache kujidanganya." "Mwambie rangi hii inamzeesha." Nilitafsiri mpaka sauti ikanikauka. Mlinzi alimtazama Bi Hana, Bi Hana alilitazama lundo likipungua, na nikaona hajui kama ashangilie au alie. Hakuna mtu tena aliyekuwa akimtazama Otilia kama ndege. Walikuwa wakisubiri zamu yao.

Ndipo ngoma ilipoanza chini. Haikuja kwa masikio kwanza. Ilipanda kwenye sakafu, ikaingia nyayoni. Jumba lote lile la chuma liliitikia kama debe. Wageni walitazamana, mmoja akashuka, wakafuata wawili, kisha wote, wengine na makoti ya lundo mwilini, mpaka tukabaki sisi na rundo lililobomoka. Otilia aliendelea kukunja. Halafu aliacha. Alisimama upande wa pili wa lundo, akidhani simwoni, na bega lake moja likasema, na la pili likajibu. Alicheza mahali pamoja, hatua ndogo, viganja vitupu, midomo ikifuata wimbo ambao mtu mwingine alikuwa ameuanzisha chini kwa sauti isiyofika. Sikusogea. Wimbo ulipokwisha aliinama akaokota suruali ya mtoto. "Nenda ukaone," akasema. "Mimi nitazikunja."

Nilikimbia. Nilifika kwenye ukingo nikaona duara limeshindikana. Sakafu ilikuwa ikilivuta upande mmoja, na wanawake wa chini walikuwa wakilemewa na wa juu. Shangazi alilivunja. Aliwatoa kwenye duara akawapanga mstari mmoja, akatangulia, na wakaanza kuupanda ule mteremko kwa hatua zile zile ndogo, magauni meupe moja nyuma ya jingine, polepole kama maji yanayopanda ufukoni, na wageni wakajibana ukutani kuwapisha. Walipita mbele yangu. Shangazi hakunitazama. Jasho lilikuwa likimtiririka kwenye ile baridi. Niliona mwisho tu wa ngoma, na mpaka leo kila ninapoona mstari wa watu wakipanda mlima, hata wanafunzi, hata maziko, mimi husimama mpaka wa mwisho apite.

Tulirudi. Otilia alikuja na magunia mawili ya nguo na hakumficha mtu. Kikao cha kioda kilikaa chini ya dari ya kanisa wiki chache baadaye, na wanawake walisema mengi, kwamba alituacha bila mwanzishaji mbele ya mataifa, kwamba alitufanya wachuuzi. Shangazi hakumsema wala hakumtetea. Otilia aliombwa arudishe sare. Aliileta siku ile ile, imefuliwa, imepigwa pasi, akamkabidhi shangazi kwa mikono miwili, akaamkia, akaondoka. Mwezi haukuisha akahamia Mbinga na wanawe, akapangisha kibanda karibu na stendi. Watu wa milimani walimiminika kwake. Alikuwa na makoti.

Mimi nilibaki Lundo nikisubiri kuitwa. Bi Hana aliniahidi ile nafasi jumbani tukiwa uwanja wa ndege, amenishika mabega, na naamini alikusudia. Nilikwenda posta mpaka karani akawa ananitikisia kichwa kabla sijafika dirishani. Hakuna kilichonituliza. Nyumba zilizosimama wima ziliniudhi. Nilipika nikaunguza, nilivuna mpunga nikaacha mistari katikati, nilianza kuamka alfajiri na kutembea ufukoni hadi jua kuwaka, nikirudi bila kujua nilikwenda wapi. Shangazi alinivumilia. Jioni moja tu, tukila magege, samaki wa ziwani, kwenye sahani moja, alisema kwamba kama ni kuondoka niondoke nikiwa naelekea mahali, si nikiwa nakimbia sahani yake. Nilikuwa sijapata mahali pa kuelekea.

Kabla ya Krismasi kioda kilianza mazoezi uani kwetu. Jumamosi moja nilikaa kizingitini, nachambua mchele, sina nia ya kutazama. Nikatazama. Duara lilikuwa limezunguka mara kadhaa ndipo nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekiona Jumamosi nyingi bila kukiona. Kati ya Mama Felista na jirani yake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Duara likienda nayo ilikwenda. Mwanamke mpya aliyejiunga mwezi ule alijaribu kuiziba, na shangazi, bila kukatisha wimbo, alimgusa kiwiko akamsogeza upande wa pili. Na kila wimbo ulipoanza palikuwa na kimya kidogo, pumzi moja tu, kabla mtu hajauanzisha.

Kesho yake nilipanda lori la kwenda Mbinga. Nilimkuta Otilia kibandani, amezungukwa na nguo mpaka kifuani, anazungumza na mteja kutoka kijiji cha Mapera juu ya zipu. Alinikumbatia, akanipa kigoda, akaniambia nimekonda, akaagiza chai na maandazi kwa jirani. Tuliongea habari za watoto, za barabara, za bei za marobota. Alikuwa amenawiri. Mteja alipoondoka alichukua shati akaanza kulikunja, na bila kuinua macho akaniuliza kama mazoezi yameanza. Nikasema yameanza.

"Mahali pangu wamemweka nani?"

"Hakuna mtu," nikasema. "Pako wazi. Shangazi hataki pazibwe."

Aliendelea kukunja lile shati. Alilikunja likaisha, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha alikaa juu ya robota ambalo lilikuwa bado halijafunguliwa, mikono mapajani, akitazama barabara, na chai ikaja ikapoa bila yeye kuigusa. Aliniuliza mazoezi ni siku gani. Nikamwambia Jumamosi, kama siku zote.

Jumamosi ile hakufungua kibanda.